Maswali ya Wasomaji: Mto Pangani Unapopanda

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilikwenda Pangani arusini. Nikiwa nasubiri pantoni ya kuvukia Bweni, niliona kifuu cha nazi kikielea mbio kutoka upande wa baharini kuelekea bara. Nimezaliwa Korogwe, kando ya mto huo huo, wala sijapata kuuona ukipanda. Je, mto unaweza kwenda kinyume? Na kwa nini mji tuliosoma habari zake shuleni umebaki mdogo vile?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Macho yako hayakukudanganya. Ulifika gatini maji yakijaa. Katika pwani ya Tanga bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Karibu na mlango wake mto huu hauna mteremko wa kushindana na kimo hicho, kwa hiyo bahari huusukuma nyuma kwa saa kadhaa, kisha huuachia. Kwenu Korogwe jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa ninyi mko juu ya maporomoko ya Hale, na hakuna bamvua inayopanda maporomoko.

Kifuu kilikuonyesha maji ya juu tu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, hivyo hupenya chini chini, na mvuvi anaweza kuteka maji yasiyo na chumvi nyingi juu ilhali wavu wake umezama katika maji ya bahari.

Swali lako la pili lina jibu karibu na hapo hapo. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga, na majahazi yalisubiri maji yajae ndipo yapite juu yake na kutia nanga ndani, mahali palipokingwa na mawimbi. Katika karne ya 19 bandari ya namna hiyo ilitosha kabisa: misafara iliyoshuka na pembe za ndovu kutoka Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai iliishia hapa, na kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo wasimuliaji wa fahari ya mji hupenda kulipita haraka. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imekodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, alikuwa mwenye shamba la miwa katika eneo hili. Wajerumani waliuteka mji Julai 1889, na Bushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Kwa maoni yangu, lakini, kilichoupunguza mji si vita. Meli kubwa za mvuke hazikuweza kulivuka fungu lile, Tanga ilikuwa na ghuba yenye kina, na reli ilipoanza kujengwa mwaka 1893 ilianzia Tanga. Ilipofika kwenu Korogwe ikalifuata bonde la mto wenu kuelekea Moshi, ikabeba biashara ambayo zamani ingeshuka Pangani kwa miguu.

Siku hizi bahari hupata nafasi zaidi. Mto unaanzia Kilimanjaro na Meru, na maji yake huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, hugawiwa mifereji ya umwagiliaji, kisha huendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mitambo huyarudisha mtoni; mashamba ya umwagiliaji hayarudishi yote. Kiangazi, mto unapofika pwani umedhoofu, chumvi hupanda mbali zaidi na kuingia katika mashamba ya kando.

Ukirudi Pangani, nenda maji yakiwa yamekupwa, upande mashua kuelekea juu. Utaona kwenye mizizi ya mikoko mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi saa 6 zilizopita. Mikoko ikianza kupungua na minazi na vichaka vya kawaida vikashuka hadi ukingoni, ujue unakaribia mahali ambapo chumvi haifiki kila siku.