Usimlipe huyo fundi wa dola 900 kabla hujasoma hapa

Mkuu simama hapo hapo. Hiyo advansi kama hujatuma usitume.

Umeandika una pikapu ya Chevrolet Silverado ya 2010, injini ya lita 5.3, maili 148,000, kem (ile shafti yenye mayai inayofungua valvu) ya steji 2, yaani kali kuliko ya kiwandani, umeshainunua mtandaoni, na kuna fundi hapo Houston kakwambia 900 ya kazi, "naingiza kem tu, hedi hatugusi, unaleta Jumamosi asubuhi jioni unaondoka nayo" (hedi ni vile vichwa vya injini vinavyofunika silinda kwa juu). Unauliza kama bei ni ya haki, ulaji wa mafuta utaongezeka kiasi gani, na kama itapita emisheni (kipimo cha moshi) au la. Mimi nimefika kwenye "hedi hatugusi" nikaweka kikombe cha chai chini. Hayo maneno nimeshaambiwa, kwa kujiamini huko huko, na yamenigharimu dola 6,155. Risiti zipo. Mke wangu kazibana na klipu moja kaziweka kwenye droo ya vijiko, ili kila nikienda kutafuta kijiko nikutane nazo.

Yangu ni ya 2009, 5.3 kama yako. Ilikuwa imepita maili 160,000 hivi wakati shetani ananipitia. Kuna jirani yangu Mtexas alikuwa na ya 2004, kaweka kem, ikiwa kwenye sailensi inadunda kama mdundiko umeingia mtaani, mpaka vioo vya jikoni kwangu vinaitikia. Nikasema na mimi lazima. Na niseme ukweli, sikuhitaji nguvu zozote, mzigo wangu mkubwa ni mashine ya kukatia majani na baiskeli za watoto. Nilitaka mlio. Mtu mzima na ndevu zangu, nilitaka mlio.

Nikaenda kwenye gereji mbili zenye kibao. Zote zikaniambia masaa 14 mpaka 18, mmoja 125 kwa saa, mwingine 150. Nikawaona wezi. Mbona jirani kafanyiwa kwa siku moja? Nikaja kuelekezwa kwenye kikao cha harusi kwa fundi mmoja, jina simtaji mwenyewe anajijua, anafanyia kazi gereji ya nyumbani kwake. Akasema 850, hedi hatugusi. Nikamkumbatia kabisa mkuu, nilimkumbatia yule mtu.

Sasa elewa kilichonipata maana ndicho kinakusubiri Jumamosi. Sisi tuliozoea Toyota za nyumbani tunadhani kem iko juu, unafungua kava ya valvu unaiona imelala pale. Hii V8 ina kem moja tu na iko ndani ya bloku, inatolewa kwa mbele. Kwa hiyo rejeta inatoka, feni, mkanda, wota pampu, puli ya kranki (ile bolti yake ina roho ya paka), taimingi kava, cheni, roka zote, pushi rodi zote 16. Kem yenyewe kuingia ni dakika kumi. Hulipii kem, unalipia njia ya kuifikia. Ukirudi mara ya pili hakuna atakayekupunguzia eti kwa sababu njia hii ulishaipita, inafunguliwa upya yote na inalipiwa upya yote.

Juu ya kem kuna lifta 16, zile tapeti za haidroliki zenye karola (kagurudumu kadogo) chini kanakotembea juu ya kem. Kwenye hizi injini kuna ujanja wa kweli kabisa: unatoa pushi rodi, unazungusha kem taratibu kwa mkono, lifta zinasukumwa juu zinabanwa na vishikizi vyake vya plastiki, unachomoa kem ya zamani unaingiza mpya na hedi hujazigusa. Jirani yangu wa 2004 alifanyiwa hivyo na mpaka leo anatusumbua na kelele zake. Ila ya kwake haina AFM! Ya kwangu inayo, na ya kwako ya 2010 karibu nina uhakika inayo. AFM ndiyo ile inazima silinda nne, namba 1, 4, 6 na 7, ukiwa umetulia barabara kuu, na silinda hizo zina lifta zake maalumu, nane kati ya 16, zina kufuli ndani linalofunguliwa na presha ya oili. Hizo huzitoi kwa juu wala kwa mbele. Mpaka hedi ziinuliwe. Akikwambia hedi hatugusi maana yake anakwambia lifta za maili 148,000 zinabaki zinatembea juu ya kem mpya, ila hasemi hivyo kwa sababu ukisikia hivyo utaondoka.

Na mimi niliuliza jamani! Nilimuuliza, hii AFM inakuwaje? Akajibu "tutaitoa kwenye kompyuta". Kweli gari ikatyuniwa, yaani kompyuta ya injini ikapangwa upya, dola 450, ile alama ya V4 kwenye dashibodi ikapotea, akanionyesha, "umeona? AFM imetoka". Nikaona kama muujiza. Mkuu, kuizima kwenye kompyuta sio kuitoa. Kompyuta imeambiwa isitume amri tu, lakini lifta zenyewe zipo pale pale, zimechoka, kufuli zake zimezeeka, na sasa umeziwekea kem yenye kuinua zaidi na springi ngumu zaidi juu yake zinazikandamiza. Ni kama kumnyima mzee simu halafu unasema umemstaafisha, kumbe bado anabeba magunia.

Wiki saba ilikuwa raha tupu. Mlio upo, nazunguka mtaa bila sababu, naenda kununua maziwa mara tatu kwa siku. Wiki ya nane asubuhi nawasha nasikia tiki tiki tiki upande wa dereva. Nampigia, anasema ni kawaida ya kem kubwa, weka oili nzito kidogo. Nikaweka. Tiki ikanyamaza siku mbili ikarudi na ukoo wake wote. Baada ya hapo gari ikaanza kumisi (silinda moja haichomi mafuta sawasawa), taa ya injini ikaanza kupepesa, nikaazima mashine ya kusomea, P0307, silinda namba 7. Nampigia, anasema plagi. Nikabadilisha plagi. Unaona ninavyotii?

Kilichonifumbua macho ni filta ya oili. Kuna mzee mmoja Mkongo ninayefanya naye kazi aliwahi kuwa fundi Lubumbashi, akaniambia toa filta uikate. Tukaikata kwa msumeno wa chuma pale kwenye maegesho, tukaivuta ile karatasi ya ndani tukaifungua kama mkeka tukaikandamiza juu ya gazeti oili itoke. Kwenye kila mkunjo kulikuwa na vumbi linalong'aa, kama ile rangi ya kumetameta watoto wanayopaka kwenye kadi za shule. Nikasema labda ni mwanga. Mzee akatoa sumaku mfukoni akaipitisha, ikainuka na manyoya. Hakusema kitu, alinipiga piga begani mara mbili tu, kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Ile ilikuwa ni kem yangu ya dola 400 inatembea kwenye oili. Nikaenda kwa wale wale "wezi" wa 125 kwa saa. Wakainua hedi: lifta ya silinda 7 karola kake kamegoma kuzunguka, upande mmoja kamekuwa bapa, na lile yai la kem lililokuwa juu yake limechongwa mfereji ambao ukucha wangu ulizama. Nilitia ukucha mwenyewe. Na kwa kuwa chuma kimeshazunguka na oili, ikabidi washushe na sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) waangalie beringi za kranki, hilo halikuwepo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Beringi zilipona, Mungu mkubwa.

Hesabu hii hapa. Mara ya kwanza: kem na springi na pushi rodi 780, kazi 850, tyuni 450, oili na vikorokoro 140. Hiyo ni 2,220. Mara ya pili: masaa 16 kwa 125 ni 2,000, kushusha sampu na kukagua 375, spea 1,360 (kem nyingine, lifta zote 16 za kawaida na vishikizi vyake, gasketi za hedi na bolti zake, oili pampu, ile kava ya katikati isiyo na mambo ya AFM), kurekebisha tyuni 200. Jumla 3,935. Ukijumlisha zote unapata ile namba iliyopo kwenye droo ya vijiko. Kama ningemsikiliza yule "mwizi" siku ya kwanza ningetoka kwa elfu nne na kitu. Yule wa 850 nilipompigia akawa yuko safarini. Mpaka leo yuko safarini, sijui anakwenda wapi mtu huyu, ameshafika Mwezini.

Halafu nina hasira zaidi na wale wa video za mtandaoni za kubadilisha kem kuliko hata fundi. Dakika kumi na mbili za muziki, kem inaingia, gari inanguruma, hakuna anayesema hii ni ya mwaka gani wala kama ina AFM. Wanauza fulana.

Kwa hiyo swali lako la 900 ni haki au sio haki halina jibu, kwa sababu umeuliza bei ya kazi ambayo haitakiwi kufanyika. Kwenye 5.3 yenye AFM, hedi zisipoinuliwa na lifta zote 16 zisipobadilishwa usiingize kem, hata akifanya bure. Hata akikulipa yeye. Mwambie aandike kwenye karatasi, sio kwenye simu, masaa mangapi na kwa bei gani, na neno lifta liwepo, na bolti za hedi ziwe mpya maana zile hujivuta zikikazwa hazirudiwi, bolti ya puli ya kranki nayo vile vile, na tyuni ni nani anafanya. Na kale karingi ka mpira ka bomba la oili pampu kabadilishwe, kakikaa vibaya pampu inavuta hewa, utaua kila kitu kipya ulichonunua. Akianza kucheka cheka ukitaja karatasi, chukua funguo zako.

Mafuta yataongezeka. Yangu ilikuwa inakwenda maili 17 kwa galoni sasa ni 15, na zile silinda nne hazilali tena. Emisheni, Texas wamefuta ule ukaguzi wa usalama kuanzia 2025 lakini kaunti kama Harris bado wanapima moshi, na wanasoma kompyuta, kwa hiyo taa ya injini ikiwaka umefeli. Na unajua nini kinawasha taa? Misi. Na unajua nini kinaleta misi? Haya. Tena ukiendesha inamisi mafuta mabichi yanaenda kuunguza na kataliti (kisafisha moshi) ya kwenye egzosi, hiyo ni bili nyingine wala sitaki kuizungumzia nitapandisha presha.

Nenda sasa hivi kawashe gari, panda barabara kuu, tulia kwenye maili 60 uangalie dashibodi. Ikiandika V4 rudi hapa uniambie. Na hiyo advansi ushatuma au bado?