Nguo za zamani zipo hapa hapa Malindi, tatizo hatuzigeuzi ndani nje

Assalaam aleikum. Dadetu ameuliza kama mitumba ya Malindi ina nguo za zamani kweli, zile za miaka ya sabini na themanini, ama afunge safari hadi Gikomba, soko kubwa la mitumba la Nairobi. Wengi wamemwambia aende Nairobi. Mimi nazitafuta hapa hapa tangu 2011, na namwambia asikate tiketi. Zipo. Ila tunazitazama kwa nje, maua na rangi na jina la kampuni, ilhali nguo ya zamani hujijulisha ikigeuzwa ndani nje.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja muuzaji pale sokoni mjini. Nilikuwa nimeinama kwenye fagia yake, yaani rundo la nguo za bei ya chini kabisa, ile ya shilingi 50, nikalishika gauni refu la kijani lililokunjamana vibaya, nikalirudisha. Akaniambia, "Mamangu, geuza kwanza. Hiyo imeshonwa na mtu ajuaye kazi yake." Nikageuza. Mishono imenyooka, pindo limeshikwa kwa mkono, na ubavuni pana lebo ndogo nyekundu, nyeupe na buluu yenye herufi ILGWU. Sikuijua. Nilirudi nyumbani nikaitafuta: kilikuwa chama cha wafanyakazi walioshona nguo za kike Marekani, kilichoanzishwa 1900 na kuunganishwa na chama kingine 1995. Lebo yao ya rangi hizo tatu ilianza 1974. Kwa hiyo gauni lile lilishonwa kati ya 1974 na 1995, likavuka bahari, likaja kulala kwenye fagia Malindi. Nimelivaa Idi tatu sasa na mshono haujafunguka hata mmoja.

Tangu siku hiyo lebo ndiyo ya kwanza kuisoma. Imeandikwa "Made in West Germany"? Basi ni ya kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Imeandikwa "St Michael"? Ni ya Marks & Spencer ya Uingereza, na jina hilo waliliacha 2000. Hizi za St Michael ni nyingi kwenye marobota ya Uingereza, na wauzaji wengi huziona za kawaida tu, kwa hiyo bei yake ni ya kawaida. Sweta zao za sufu ni nzuri mno. Nguo ya Marekani isiyo na maelezo yoyote ya kufua huenda ikawa ya kabla ya 1972, maana mwaka huo sheria yao iliwalazimu washonaji kuyaweka. Lakini angalia hapo, lebo nyingi za mitumba zimekatwa na aliyeivaa kwa sababu zilimkuna shingo. Ukiona vishina vya lebo iliyokatwa, usiipe nguo hiyo mwaka wowote.

Jinzi za Levi's watu wamezigeuza biashara. Kile kitambaa chekundu cha mfukoni kilikuwa na E kubwa katika jina Levi's mpaka 1971, baadaye ikawa ndogo. Ni kweli, ila kampuni yenyewe imetoa nakala za jinzi zake za zamani zikiwa na E kubwa vilevile. Kijana mmoja hapa mjini aliuziwa ya E kubwa kwa shilingi 4,000 akiambiwa ni ya miaka ya sitini, kumbe lebo ya ndani ina alama za kufulia zilizochapishwa juzi. Pesa za mtu ni jasho lake. Soma ndani.

Pasipo na lebo, kuna zipu. Gauni lenye zipu ya chuma ubavuni, chini ya kwapa, mara nyingi ni la miaka ya arobaini au hamsini. Zipu ya plastiki mgongoni ni ya baadaye. Fulana nazo tazama pindo la mkono: uzi wa mstari mmoja, mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya tisini, mistari miwili sambamba, ni ya baadaye. Na kitambaa, ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Omba ruhusa kwanza kwa mwenye mali, na usifanye karibu na rundo.

Sasa nifike kwenye koti, maana hapa ndipo pwani yetu inaposhinda mahali pengine, na sijaona aliyeligusia.

Kakangu alitaka koti la kuvaa na kanzu, la kwendea Maulidi Lamu. Mapya ya dukani yalikuwa ghali na mepesi kama karatasi. Nikamwambia subiri. Nilizunguka wiki tatu. Sisi Malindi tuna chanzo ambacho Gikomba hawana: Waitaliano wanaoishi hapa miaka nenda miaka rudi. Wakihama au wakifunga nyumba, nguo huachiwa wafanyakazi, na nyingine huishia kwenye vibanda, hazikupitia robota wala bandari. Koti la kakangu nililipata hivyo, kibanda kimoja Majengo, limening'inizwa nyuma ya mapazia. Rangi ya majivu, sufu nyepesi, ndani imeandikwa "Pura Lana Vergine" pamoja na ile alama ya fundo la sufu ambayo ilianza kutumika 1964.

Lakini alama haikunitosha. Koti hupimwa kwa vidole. Shika kifuani, chini kidogo ya tundu la kifungo, vuta kitambaa cha nje kwa vidole viwili, na bitana kwa vidole vya mkono wa pili, uvitenganishe. Ukisikia kuna kitambaa cha tatu katikati kinachoteleza peke yake, hilo limeshonwa kizamani, kifua chake kimeshikwa kwa uzi. Ukisikia kitambaa cha nje ni kigumu na hakuna kinachoteleza, kimegandishwa kwa gundi. La gundi likipigwa pasi na jua la Malindi, gundi huachia, kifua kikatoa mapovu kama chapati, na hakuna fundi wa kulirudisha. Lile lilikuwa na cha katikati. Mwenye kibanda alitaka 800, tukaelewana 600. Fundi alipunguza mikono kwa 200. Kakangu alipolivaa juu ya kanzu, bega likakaa kama alipimiwa yeye. Mama alimzunguka mara mbili bila kusema neno, kisha akaingia ndani kuleta udi.

Kuhusu wakati: marobota yetu mengi hutoka Mombasa, Kongowea. Muulize muuzaji wako siku anayofungua, uwe pale asubuhi. Ila nikuambie, kwa nguo za zamani mimi siikimbilii kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Kamera huchaguliwa kwa upya na jina, na ya kizamani mara nyingi haina vyote viwili, kwa hiyo huanguka hadi fagia. Nenda alasiri siku ya pili au ya tatu, rundo limeshachambuliwa na wanaotaka za kisasa. Usipuuze Mambrui na Gongoni pia. Yaliyobaki mjini hupelekwa huko, na nimepata huko blauzi mbili za hariri kwa shilingi 30 kila moja.

Na usiamini namba ya ukubwa. Gauni la Marekani la miaka ya sabini lililoandikwa 12 ni dogo kuliko 12 ya leo, tena kwa mbali. Nenda na tepu ya fundi na uwe unajua vipimo vyako vya kifua, kiuno na nyonga. Tazama makwapa dhidi ya mwanga, hapo ndipo kitambaa huoza kwanza.

Kufua ndiko nilikopoteza kitu ninachokililia hadi leo. Gauni la reyoni la rangi ya damu ya mzee, zipu ya chuma ubavuni, vifungo vya kioo. Nililiroweka usiku kucha kwa sabuni ya unga kama kanga. Reyoni ikilowa huwa dhaifu, na ile ya zamani zaidi. Asubuhi nilipoliinua, uzito wa maji yenyewe ukalipasua begani hadi kiunoni. Vifungo ninavyo bado kwenye kopo.

Kwa hiyo reyoni na hariri zifue kwa maji baridi dakika chache, uziinue kwa mikono miwili kama mtoto, uzilaze juu ya taulo. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, rudia. Harufu ya robota huondoka kwa siki kidogo kwenye maji ya suuza. Koti la sufu usilifue kabisa: lipige brashi, lianike kivulini penye upepo, kisha lifukize udi. Na msimu wa mvua usilifungie ndani ya mfuko wa plastiki, litaingia kawa wiki hiyo hiyo. Funika kwa kanga kuukuu, weka karafuu mfukoni kwa ajili ya nondo.

Dada, ukipata kitu na huna uhakika, piga picha ya lebo, ya zipu na ya mshono wa ndani, uiweke hapa. Ya mbele si lazima.