Kila Ijumaa Nungwi

Swali lenu la wiki hii liliuliza: mtu anayerudi Zanzibar baada ya miaka mingi ya ng'ambo, aje na gari yake au anunue hapa hapa? Mie nasema anunue hapa. Sisi tulikuja nayo.

Tuliishi Leicester, Uingereza, miaka 14. Tulipoamua kurudi mwaka 2021, mume wangu alikuwa keshasoma kila kinachosomeka kuhusu forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mtu anayehamisha makaazi haki ya kuingiza gari moja bila ya ushuru wa forodha, mradi awe ameimiliki na kuitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 isiyopungua, na siku za melini hazihesabiwi. Basi akanunua mapema. Gari ya dizeli, ya Ulaya, kubwa, viti vya ngozi. Akaiendesha miezi 14, na kila risiti, kila karatasi ya bima, akaitia kwenye faili moja la kijani ambalo watoto hawakuruhusiwa hata kuligusa. Usukani wake uko kulia, na Unguja tunapita kushoto, akaona njia zote zimefunguka. Nilimuuliza jambo moja tu: "Ikiharibika je?" Akanijibu gari mpya haiharibiki.

Gari ikashuka bandari ya Malindi, Unguja, salama. Wiki za mwanzo akawa anaipitisha Michenzani polepole, dirisha wazi, wenzake wamwone. Simlaumu. Aliyefanya kazi za usiku kwenye ghala miaka yote ile ana haki ya kuonekana mchana.

Wiki ya sita ikawaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, kapicha ka bomba lenye vitone ndani yake.

Sasa hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoponzeka. Gari nyingi za dizeli za Ulaya za miaka ya karibuni zina chujio kwenye njia ya moshi, kazi yake kunasa masizi yasitoke hewani. Chujio likijaa, gari huyaunguza masizi yenyewe, lakini kwa sharti: iende mwendo wa kasi mfululizo, robo saa au zaidi, moshi upate moto wa kutosha. Leicester hilo halikuwa jambo la kulifikiria. Unapanda M1, unakwenda kilomita 110 kwa saa, masizi yanaungua wewe unasikiliza redio. Hapa je? Mbweni hadi skuli ya watoto, skuli hadi Darajani, Darajani hadi nyumbani. Injini haijapata joto, tushafika. Na kisiwa kizima, kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini, hakifiki kilomita 90.

Fundi wa kwanza alifunua boneti, akatazama, akaifunika taratibu kama aliyefunua sufuria ya watu. "Dada, hii inataka kompyuta. Mie nnazo spana." Wa pili alikuwa nayo kompyuta, lakini ilikuwa ya gari za Kijapani, ikaisoma yetu ikasema haina injini. Wa tatu alichukua pesa. Wa nne, kijana mmoja wa Mwanakwerekwe, alipanda ndani, akaomba aendeshe yeye mpaka Tunguu na kurudi, kisha akasema: "Yakhe, gari hii si mbovu. Imefungwa kamba. Inataka kukimbia."

Ndipo zilipoanza safari za Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya kisiwa. Kila Ijumaa baada ya sala tunapakia watoto, tunakwenda kaskazini kuunguza masizi. Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni. Kila mwendo ukikolea, tuta. Ukikolea tena, trafiki kasimama chini ya mwembe. Ukikolea mara ya tatu, gari ya ng'ombe imebeba makuti, na mwenye ng'ombe hana haraka wala hana sababu ya kuwa nayo. Siku moja taa ilizimika karibu na Kinyasini, mume wangu akasema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuisikia tangu siku aliyozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Jumapili ikawaka tena. Ndugu zetu wakawa wanasema wale wamekuja na pesa, kila Ijumaa wako ufukweni. Wallahi mchanga wa Nungwi hatujaukanyaga. Tulikuwa tunageuza gari tunarudi.

Lililofuata ni dawa ya moshi, ile wanayoiita AdBlue, inayotiwa kwenye tangi lake mbali na mafuta. Ikipungua kabisa, gari hukataa kuwaka ukishaizima. Tukawa tunaagiza ndoo kutoka Dar es Salaam, inapanda boti kama abiria. Ikafa sensa moja, ndogo kama kidole gumba, ikaja kutoka Uingereza ndani ya soksi za msafiri. Na chini ya gari kutu ilikwishaanza. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na hiyo chumvi hula vyuma. Ya kule ilianza, ya bahari yetu ikamalizia.

Tukasema tuuze. Haya, mwenye kuleta gari kwa msamaha, akitaka kumuuzia asiyekuwa na msamaha huo, ushuru unarudi. Hilo mume wangu hakuliona alipokuwa anasoma, au aliliona akalipita. Gari ikakaa chini ya mwembe karibu mwaka mzima, paka wakazaa chini yake. Mwisho tulilipa ushuru tukauza kwa hasara. Faili la kijani bado lipo. Anawekea risiti za umeme.

Tukanunua Toyota ist iliyotumika Japani, hapa hapa mjini. Ina mambo yake. Redio za gari za Japani za miaka ile hukamata FM ya kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo ilikuja bubu mpaka fundi alipotia kidude cha kushushia mawimbi. Tena ukiiwasha tu kuna bibi wa Kijapani anasema neno. Mama mkwe alikuwa anamwitikia "waalaikumu salaam" kila asubuhi, mpaka kijana mmoja anayetembeza watalii wa Kijapani alipotufasiria: anasema kadi haijatiwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kwao. Mama mkwe akasema hata hivyo, kumwitikia mtu si hasara.

Lakini nilipokwenda kutafuta brekipedi, duka la kwanza lilikuwa nazo za aina tatu: orijino, ya Dubai na ya Mchina, na muuzaji akanieleza bila ya kuulizwa kila moja itakufa lini. Fundi alizibadilisha kibarazani huku akizungumza na simu. Nikasimama pale na mkoba wangu nikaona uchungu wa miaka miwili.

Kwa hiyo wanaouliza bei ya kusafirisha na kiasi cha ushuru wanauliza swali la pili. La kwanza ni nani ataitengeneza, na spea iko wapi. Wenye kutoka Oman, wao hata hilo wasijiulize: gari za kule usukani uko kushoto. Shemeji yangu wa Muscat alijaribu kuendesha ya namna hiyo hapa, akitaka kulipita daladala lazima abiria achungulie amwambie "pita" au "ngoja". Mkewe alikataa kuwa jicho lake baada ya siku mbili.

Nilikuja kulitumia swali hilo hilo kwa vyombo vya ndani. Plagi za Uingereza ni za pini tatu kama zetu, na nguvu ya umeme ni ile ile, basi birika na pasi lete tu. Mashine ya kufulia ilinitesa zaidi, maana inataka maji yenye msukumo, na maji ya bomba kwetu yanakuja kwa zamu. Haikufanya kazi mpaka tulipopandisha simtanki juu ya mnara wa matofali. Friza kubwa nililopanga kuleta, mama mkwe alilikataa kwenye simu. Yeye alikuwa mjini wakati umeme wa Unguja ulipokatika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010, kwa kuharibika waya wa chini ya bahari. Sasa kuna waya mwingine mkubwa zaidi tangu 2013, nilimwambia. Akasema: "Mwanangu, mie nilitupa samaki wa mwezi mzima. Friza ni la mwenye jenereta." Tukanunua dogo hapa.

Mpwa wangu wa Wete yeye anakwenda kinyume chetu, anakwenda Uingereza kusoma. Kaniuliza kama akifika anunue gari. Leseni ya Tanzania inamfaa kule miezi 12, baada ya hapo anaanza upya: leseni ya kujifunzia, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Nimemwambia apande basi mwaka wa kwanza, na ule mtihani aanze kuufukuzia mapema, asingoje mpaka hiyo miezi 12 ikaribie kwisha.

Yako makaratasi pia, na haya hayana fundi. Mie na mume wangu tulibaki na pasi za Tanzania kwa sababu ya kiwanja: ardhi Zanzibar ni ya Serikali, na haki ya kuikalia hupewa Mzanzibari, na kwa sheria ya Tanzania mtu mzima hawezi kushika uraia wa nchi mbili. Kule tulikuwa na ruhusa ya kuishi isiyo na mwisho, hivyo ndivyo inavyoitwa, lakini ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, inakufa. Mwaka 2023 tulikaa mezani na bei za tiketi za watu watano. Hatukusema mengi. Asubuhi yake mume wangu alikwenda kumtafuta fundi wa paa, na habari ile hatukuirudia tena. Watoto waliozaliwa kule wana pasi mbili. Mkubwa ana miaka 12, na akishakuwa mtu mzima sheria ya Tanzania inamtaka achague. Hilo ni lake, sitamchagulia.

Juzi kaka yangu kapiga simu kutoka huko huko Leicester. Anarudi mwakani, ana gari ya dizeli, nzuri mashaallah, na miezi 12 anaikamilisha mwezi ujao. Sikubishana naye. Nilimpa namba ya yule kijana wa Mwanakwerekwe, nikamwambia azungumze naye mwenyewe. Kaka kanipigia tena usiku, kachanganyikiwa kidogo. Anasema fundi alimuuliza aina ya gari, akanyamaza, kisha akamuuliza: "Nungwi unapapenda?"