Oili ya nyuma ya trekta kuukuu: tazama kwanza kinachoogelea ndani yake

Ukiuliza dukani Massey 135 inatiwa oili gani ya nyuma, mara nyingi utajibiwa upesi: "Tia tisini." Tisini ni oili ya gia, nzito, na gia zenyewe hazitalalamika. Atakayelalamika ni pampu ya haidroliki.

Kwenye Massey Ferguson 35 na 135, giaboksi, difu na haidroliki vyote vimo katika nyumba moja, mpangilio uliorithiwa kutoka Ferguson TE20 iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956. Oili ni ile ile: inalainisha meno ya gia, na pampu iliyozama humo humo inaivuta ili kunyanyua plau. Pampu ya pistoni inavuta kupitia chujio la waya. Ukiipa oili nzito mno, asubuhi trekta likiwa bado baridi inavuta kwa shida, inalia, na mikono ya kunyanyulia plau inapanda polepole huku ikirukaruka. Ukiipa nyepesi mno, kama ATF nyekundu ya giaboksi za otomatiki, mikono itapanda vizuri asubuhi, lakini mchana oili ikipata moto plau litakuwa linashuka lenyewe, na meno ya difu yatakuwa yanasagana kwa utando mwembamba.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, jua ni vitu gani vinaogelea katika oili hiyo. Je, breki ziko kwenye madramu makavu karibu na magurudumu, kama za 135, au ni sahani zilizozama ndani ya oili? Je, kuna Multi-Power, kifaa cha Massey cha kubadili kati ya upande wa haraka na wa polepole trekta likiwa linaenda, ambacho kina klachi yake ndogo inayofanya kazi kwa presha ya oili? Breki za ndani zikitiwa oili ya haidroliki ya kawaida, ile ya ISO 46 au 68 ya mashine za kiwandani, zitalia na kutetemeka kila ukikanyaga, kwa sababu oili hiyo haina viungo vya kutuliza msuguano wa sahani. Pia haina kinga ya kutosha kwa meno ya gia. Ni oili nzuri, ila si ya kazi hii.

Ford 3000 na 5000 za miaka ya 1960 na 1970 si kama Massey. Kule giaboksi ina oili yake, na ekseli ya nyuma pamoja na haidroliki ina yake. Fundi aliyezoea Massey hujaza tundu moja akaondoka, na upande wa pili ukabaki na oili ya miaka kumi.

Oili inayofaa matrekta mengi ya umri huu ni ile iliyoandikwa UTTO, uzito wa 10W-30 (baadhi ya makopo huandika 80W, na ni uzito ule ule kwa mizani ya oili za gia). Imetengenezwa kwa ajili ya gia, haidroliki na breki za ndani kwa pamoja. Mifano yake ni Shell Spirax S4 TXM, Mobilfluid 424 na Dynatrans MPV ya TotalEnergies. STOU ni nduguye, ila hiyo inaingia hata kwenye injini. Inafaa kwa mwenye trekta moja asiyetaka kuweka makopo matatu stoo. Jina la kampuni lisikushughulishe sana. Geuza kopo, soma nyuma namba za viwango vya watengenezaji wa trekta: kwa Massey tafuta namba kama M1135, M1143 au M1145, kwa Ford tafuta M2C134-D. Kopo lililoandikwa tu "oili ya trekta" bila namba yoyote, lirudishe rafuni.

Kuna pia ndoo zinazoandikwa "303". John Deere iliwahi kuwa na oili ya namba hiyo, na mojawapo ya viungo vyake ilikuwa mafuta ya nyangumi. Mafuta ya nyangumi yalipopigwa marufuku Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili hiyo ikaachwa, lakini namba ikabaki mitaani bila mwenyewe wa kuisimamia. Leo 303 haimaanishi chochote. Usiitie.

Na ukilazimika kutumia oili ya gia tupu kwenye sehemu isiyo na haidroliki, tazama daraja lake kwenye kopo: chukua GL-4, usichukue GL-5. Baadhi ya GL-5 zina salfa inayokula shaba polepole, na matrekta ya zamani yana bushi za shaba sehemu nyingi.

Watu huhangaika na namba iliyo kabla ya W, kama 10 ya 10W-30, inayoonyesha uzito wa oili kwenye baridi. Mombasa haina baridi ya kugandisha oili, kwa hivyo namba hiyo haitusumbui. Kinachotusumbua sisi ni maji. Hewa ya pwani ni nzito, mchana nyumba ya gia inapata moto, usiku inapoa na kuvuta unyevu ndani. Ongeza mpira wa kiwiko cha gia (mkono wa kubadilishia gia) uliopasuka, halafu kijana wa kuosha aelekeze mpira wa presha pale pale. Au trekta lilale nje masika nzima, Aprili hadi Juni. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kupima ni rahisi. Toa oili kidogo, tia kwenye chupa ya kioo, iache hadi asubuhi. Maji mengi yatakaa chini. Kama bado una shaka, dondoshea tone moja kwenye bati lenye moto. Likitoa moshi kimya kimya, sawa. Likichacharika na kurusha vitone kama kitunguu kilichoingia kwenye mafuta ya moto, kuna maji, na hakuna kiungo cha kuongeza kitakachoyaondoa. Mwaga yote. Tena badilisha mpira wa kiwiko kabla ya kujaza, si baada.

Mwaga trekta likiwa limetoka kazini, oili ikiwa ya moto na uchafu ungali unaelea. Nyumba hii ina plagi zaidi ya moja chini. Fungua zote, maana hakuna inayomaliza peke yake. Tazama plagi: unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino la gia au beringi, na chembe za dhahabu ni bushi. Osha chujio la pampu, weka gasketi mpya kwenye kifuniko cha ubavuni. Usijaze dizeli na kuendesha eti unasafisha. Dizeli hubaki kwenye pembe na kuipunguza nguvu oili mpya.

135 inachukua kama lita 30, kwa hivyo ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Jaza hadi alama ya kijiti, washa, nyanyua na shusha mikono mara kadhaa, zima, pima tena na mikono ikiwa chini. Usizidishe. Oili ikizidi inatoa povu, inapita sili za ekseli na kuingia kwenye madramu, halafu unalaumiwa kwa breki.

Mwenye trela la kubwaga mchanga apime trela likiwa limelala. Jeki yake ikisimama imechukua lita kadhaa kutoka kwenye nyumba ya gia, na oili ikiwa pungufu pampu itavuta hewa wakati ule ule unaohitaji nguvu. Trela linaloazimwa azimwa pia hubeba oili ya trekta la jirani, pamoja na maji yake.

Oili mpya ina sabuni, hivyo itabandua utando wa zamani. Chujio likaguliwe tena baada ya saa 50 za kazi. Sili zikianza kutoa jasho wiki ya kwanza, oili haikuzitoboa. Tope ndilo lililokuwa limeziba.

Jambo la mwisho kwa wenye Multi-Power: mteremko wa Shimba Hills ukikuvuta ukiwa upande wa polepole na injini isikushike, usikimbilie kumwaga oili. Ndivyo ilivyoundwa. Rudisha upande wa haraka kabla hujaanza kuteremka.