Jina Ji-hoon: maana yake inategemea ni "ji" ipi na "hun" ipi

Mkuu, swali lako nimelisoma asubuhi nikiwa kwenye daladala, nikaona nisubiri nirudi nyumbani nikae vizuri nikujibu. Umesema mkeo ana mimba ya miezi saba, mmeambiwa ni mtoto wa kiume, na mkeo amelipenda jina Ji-hoon kutokana na tamthilia za Kikorea anazoangalia. Unataka kujua maana yake, asili yake, na kama Wakorea wenyewe wanalitumia au ni jina la kwenye runinga tu. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwa mstari mmoja kwamba maana yake ni "hekima". Hajakosea, ila hilo ni sawa na kumwambia mgeni kwamba "kaa" kwa Kiswahili ni mnyama wa baharini. Kaa la moto je? Na mtu akikaribishwa ndani akaambiwa "kaa"?

Nilisoma Daejeon, Korea Kusini, miaka minne. Maabara yetu ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na wawili kati yao waliitwa Jihun. (Ji-hoon na Jihun ni jina lile lile. Hiyo "oo" ni mazoea ya kuandika kwa jicho la Kiingereza. Kwa mwandiko rasmi wa serikali yao ni Ji-hun, na kwenye vitabu vya zamani utakuta Chi-hun.) Ili kuwatofautisha tulisema Keun Jihun na Jageun Jihun, yaani Jihun Mkubwa na Jihun Mdogo, kwa kufuata umri. Jihun Mkubwa aliniambia kwamba shule ya msingi darasani kwao walikuwa watatu, mwalimu akawapa herufi: A, B na C. Yeye alikuwa Jihun B miaka miwili mizima.

Hilo lilinishangaza mpaka nilipojua amezaliwa mwaka gani. Ni 1988. Mahakama ya Juu ya Korea, ambayo ndiyo husimamia usajili wa familia, iliwahi kutoa orodha ya jina lililoongoza kwa vipindi mbalimbali, na kwa wavulana wa 1988 lililoongoza lilikuwa Ji-hun. Kwa hiyo tamthilia hazikulibuni. Ukimkuta mwanamume wa Kikorea mwenye miaka thelathini na kitu, Jihun ni kama vile huku kwetu ukutane na Juma au Baraka.

Orodha ile yenyewe ni tamu kuisoma. Mwaka 1948 na 1958 lililoongoza kwa wavulana ni Yeong-su, 1968 ni Seong-ho, 1978 ni Jeong-hun, 1988 ndiyo Ji-hun, 1998 ni Dong-hyeon, kisha baada ya 2000 akaingia Min-jun. Tazama 1978 na 1988: Jeong-hun, Ji-hun. Ile "hun" imebaki mahali pake, kilichobadilika ni silabi ya mbele. Na kwa wasichana wa 1988 lililoongoza ni Ji-hye. Mimi naona sikio la wazazi wa miaka ile lilikuwa limeipenda "ji", wakaiweka kila mahali. Kwa wasichana wa 1948 lililoongoza ni Sun-ja, na hiyo "ja" ya mwisho ni alama ya kutawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, maana ndiyo ile ile "ko" ya majina ya wanawake wa Kijapani. Huko ukilisikia jina unaweza kukisia mwenyewe alizaliwa zama zipi. Watoto wa sasa wana majina yenye sauti laini zaidi: Seo-jun, Do-yun, I-jun. Jihun bado lipo, lakini mtoto akiitwa hivyo leo anaonekana amepewa jina la kizazi cha baba zake.

Sasa maana.

Mwezi wangu wa tatu pale, tukiwa tunakula, nilimwuliza Jihun Mdogo jina lake maana yake nini. Hakunijibu. Alifungua kiganja cha kushoto, akachora kwa kidole cha mkono wa kulia, kama mtu anayeandika juu ya maji, akasema: "Ji ya nia, hun ya sifa." Jihun Mkubwa akaweka chini kijiko, naye akachora kwenye kiganja chake: "Mimi ni ji ya hekima, hun ya kufundisha." Nikabaki nawatazama. Watu wawili, sauti moja, na majina yao hayakuwa na herufi hata moja ya pamoja.

Iko hivi. Wakorea wana alfabeti yao, hangul, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446. Hiyo inaandika sauti tu. Lakini majina mengi yanatungwa kwa herufi za Kichina, ambazo wao huziita hanja, na hanja inabeba maana. Sauti moja inaweza kuwa na hanja nyingi. Serikali ina orodha ya hanja zinazoruhusiwa kwenye majina, na zimepita 8,000. Familia ikisajili mtoto inaandika sauti kwa hangul, kisha inaonyesha ni hanja ipi. Maana ya jina inakaa hapo.

Kwa "ji" zinazotumika zaidi ni 志, nia au azma, ambayo chini yake ina alama ya moyo, 智, hekima, na 知, kujua. Kwa "hun" kuna 勳, sifa anayoipata mtu kwa utumishi mkubwa, hasa kwa nchi yake; 訓, kufundisha; na 薰, harufu nzuri ya majani. Ile 訓 imo kwenye jina la kwanza kabisa la hangul, Hunminjeongeum, yaani sauti sahihi za kuwafunza wananchi. Ile 薰 imo kwenye hunpung, upepo wa vuguvugu wa mwanzo wa kiangazi. Na wana neno "hunjang": likiandikwa kwa hun ya sifa ni nishani, likiandikwa kwa hun ya kufundisha ni mwalimu wa kijijini wa zamani. Kwa sauti hutofautishi kabisa.

Chukua watu ambao mkeo huenda anawajua. Mwimbaji Rain jina lake ni Jung Ji-hoon, aliyezaliwa 1982, na analiandika 智薰: hekima na harufu nzuri. Woozi wa kundi la muziki la Seventeen ni Lee Ji-hoon, na lake ni 知勳: kujua na sifa. Park Ji-hoon aliyekuwa kundi la Wanna One, nalo la muziki, analiandika 志訓: nia na mafunzo. Ukiwaweka wote watatu pamoja, hakuna hanja iliyojirudia. Na kabla yao wote kulikuwa na mshairi Cho Chi-hun, 1920 hadi 1968, mmoja wa washairi watatu waliotoa diwani ya pamoja mwaka 1946 na watu wakawaita kundi la Paa wa Buluu. Yeye alizaliwa akiitwa Dong-tak, Chi-hun akajichagulia mwenyewe kama jina la ushairi.

Nani anachagua hanja? Hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi, kwa sababu wale wawili walipata majina yao kwa njia mbili tofauti kabisa.

Jihun Mkubwa alichaguliwa na babu. Ukoo wao una kitabu cha nasaba, jokbo, na humo imepangwa zamani kila kizazi kitumie silabi ipi. Silabi hiyo wanaiita dollimja. Kizazi chake ni "hun" ya kufundisha, kwa hiyo kaka yake ni Seong-hun na binamu wa upande wa baba ni Jae-hun. Nusu ya jina ilikuwa imeshaamuliwa kabla babu mwenyewe hajazaliwa, kazi yake ilikuwa kutafuta ile "ji". Nilikwenda kwao Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, mzee akanitolea kitabu chenyewe. Alikishika kwa mikono miwili. Akaniuliza mimi naitwa nani, nikamweleza kwamba jina langu la tatu ni la babu yangu, na jina langu la kwanza ni la babu mzaa mama. Mzee alinyamaza kidogo. Kwao mtoto hapewi jina la babu, ni kumvunjia heshima. Hata ukiulizwa jina la baba yako hulitamki moja kwa moja, unalikatakata silabi kwa silabi na kila silabi unaiongezea "ja", yaani "herufi fulani". Nikamwambia sisi tunamrudisha babu nyumbani kwa kumwita mjukuu jina lake. Mwanawe alipomfafanulia, mzee aliniongezea chakula kwenye bakuli.

Jihun Mdogo, wa 1994, mama yake alikwenda jakmyeongso, ofisi ya mtu anayetunga majina kwa malipo. Yule huangalia mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kisha anasema mtoto amepungukiwa na kipi kati ya mti, moto, udongo, chuma na maji. Kwa mtoto huyu akasema moto. Basi akapewa 勳, kwa sababu zile nukta nne za chini ni alama ya moto. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama anaamini, lakini alinieleza kwa upole wa mtu anayemzungumzia mama yake.

Wapo pia wanaoacha hanja kabisa na kutumia neno la Kikorea asilia, kama Haneul, mbingu, au Iseul, umande. Hayo maana yake hayana mjadala. Ji-hoon halimo kundi hilo.

Sasa nije kwenu, mkuu, maana nadhani hiki ndicho ulichokuwa unakihitaji zaidi.

Kuna jambo la sikio letu ambalo sijaona mdau yeyote amelitaja. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Mtoto akifika mtaani Jihun litakuwa "Jihuni", na "jihuni" kwetu ni mhuni aliyekubuhu. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nimemwona mtoto wa jirani akirudi nyumbani analia kila siku kwa sababu ya jina, mpaka wazazi wakaanza kumwita jina la ubatizo. Wakorea wenyewe, kumbe, wakimtaja rafiki mwenye jina hili wanasema "Jihun-i", na wakimwita wanasema "Jihun-a", ambayo mdomoni inakuwa Jihuna. Kwao ni sauti ya mapenzi tupu. Kwetu mtoto ataibeba peke yake bila wa kumwelewa.

Pili, mkilichagua, liandikeni kwenye cheti cha kuzaliwa kama neno moja, Jihun, bila kistari na bila nafasi katikati. Nilipokuwa kule, ofisi moja ilichukua jina la babu yangu ikalifanya la ukoo na kuniita hivyo muhula mzima, na jina langu la kwanza likakatwa katikati kwa kuwa lilikuwa refu kuliko visanduku vya fomu yao. Wanafunzi wa Kikorea waliotoka kusoma nje walinisimulia kinyume chake: "Ji" inachukuliwa kuwa ndiyo jina, "Hun" inafanywa la kati. Kistari kidogo kinazaa safari nyingi za kwenda kusahihisha karatasi.

Tatu, na hili ndilo ningelifanya mimi: kaa na mkeo umwulize katika zile maana, ni ipi inamgusa. Kama ni 智, tuna Hekima, jina zuri, nawajua watu wazima wanaoitwa hivyo. Kama ni 志, kuna Nia. Kama ni harufu nzuri, pwani wana Raihani. Mnaweza kumpa mtoto hilo kwenye cheti, na Jihun likawa jina la mama kumwita nyumbani, akiwa amelichagulia hanja zake mwenyewe kama mama wa Kikorea anavyofanya. Au kama moyo wake umeshatua kwenye Jihun na hautoki, basi mpeni, ila msimpe sauti tupu. Siku atakapouliza jina lake maana yake nini, awe na herufi mbili za kuchora kiganjani.

Mkishaamua niandikie hapa ni ji ipi na hun ipi. Jihun Mkubwa bado tunawasiliana, nitamwomba aziandike kwa mkono, kwa brashi, kama alivyofundishwa na babu yake, anitumie picha nikuwekee hapa.