Miguu ikiacha kuuma, usishangilie bado

Anayeishi na sukari anajua usiku wa miguu kuwaka moto, vidole vinachomachoma, hata shuka likigusa ni adha. Nami yalinianzia huko huko vidoleni. Mishipa ya fahamu (neva) inayofika miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, kwa hiyo sukari ikikaa juu muda mrefu, hiyo ndiyo huumia kwanza.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni pale maumivu yanapopungua yenyewe huku sukari bado iko juu. Wengi hushukuru Mungu kwamba wamepona. Mara nyingi ni ganzi imeingia, na ganzi ndiyo inayowafikisha watu kukatwa miguu.

Hapa Dodoma ardhi imejaa mbigili na miiba ya migunga. Jioni moja nilivua viatu nikakuta soksi ina damu. Mwiba ulikuwa umetoboa soli ukakaa unyayoni, nami nimeshazunguka soko la Majengo kutafuta mlenda bila kuhisi chochote. Siku hizi kila usiku nakaa penye taa, natazama nyayo kwa kioo, visigino, na katikati ya vidole. Kama kuinama kunakushinda, mwombe mjukuu akuangalilie. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute, kisha upapase ndani kwa mkono. Peku usitembee, hata uani.

Magaga nayo tusiyadharau. Hewa yetu ni kavu, na neva zikiharibika mguu hautoi jasho la kutosha, ngozi inapasuka na vijidudu vinapata njia. Paka mafuta ya mgando, lakini katikati ya vidole pabaki pakavu. Sugu usizikate kwa wembe. Na baridi ya Juni na Julai ikibana, tafadhali msiote miguu kwenye jiko la mkaa, wala msiiloweke kwenye maji ya moto yenye mizizi. Mguu wenye ganzi unaungua huku mwenye mguu anapiga soga. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.

Chakula: naona watu wanaambiwa ugali wa uwele ule upendavyo. Uwele ni mzuri, lakini ni wanga, na wanga una kipimo. Sigara acha kabisa.

Kliniki, omba wakupime miguu kwa ule uzi wa nailoni wanaougusisha unyayoni kuona kama unahisi, angalau mara moja kwa mwaka. Ulizia pia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa wazee huweza kupangiwa tofauti. Kama umetumia metfomini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi, ulizia vitamini B12, maana ikipungua nayo huleta ganzi. Maumivu yana dawa zake, kama amitriptilini, za kuandikiwa na daktari. Zinatuliza tu, hazitibu neva, hivyo sukari bado ni lazima ishuke.

Ukiona kidonda, wekundu, usaha, harufu au kidole kinageuka cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hakiumi. Usisubiri tarehe ya kliniki.