Maswali yenu: Fankisheni ya C inapoiangusha PostgreSQL

*Fundi, habari za kazi. Nimeandika fankisheni ya C ya kusafisha majina ya wateja. Nikiiita, muunganisho unakatika, na ofisi nzima nayo inatupwa nje. Kosa ni langu, wenzangu wanaingiaje? (Sinza)*

Njema, ndugu yangu. Kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata, kila muunganisho una mchakato wake, ila yote inachangia kumbukumbu moja. Mmoja ukifa kwa signali 11 (yaani umegusa kumbukumbu usiyoruhusiwa), mchakato mkuu hauiamini tena kumbukumbu hiyo. Unafanya kama konda aliyeona moshi kwenye daladala: anashusha wote, waliolipa nauli na wasiolipa.

Kwanza, toka kwenye seva ya ofisi! Sakinisha kanzidata kwenye kompyuta yako, kompaili fankisheni yako kwa `-g -O0` ili mistari yake ionekane, fungua psql (dirisha la kuandikia amri za SQL), andika `SELECT pg_backend_pid();`. Namba utakayopewa ipeleke kwenye dirisha la pili: `sudo gdb -p` na namba yenyewe (gdb ni kifaa cha kuwinda makosa), kisha `c` ili mchakato uendelee. Rudi psql, ita fankisheni. Ikigoma, `bt` itakuonyesha mstari wenye balaa. Ukikuta pointa yako (anwani ya kumbukumbu) ni 0x0, huenda umefika kwa mteja ambaye jina lake ni NULL, yaani halikujazwa. Ongeza `STRICT` kwenye `CREATE FUNCTION`, na C yako haitaitwa kabisa NULL inapokuja; au ikague mwenyewe kwa `PG_ARGISNULL`.

*Shikamoo kaka. Yangu haianguki, ila majina yanatoka na herufi za ajabu mwishoni. (Mbagala)*

Marahaba. Bila shaka umeipa `strlen`, inayohesabu herufi hadi ikute sifuri, data ya aina ya `text`. Hili lilinimaliza wikendi nzima enzi zangu. `text` haifungwi kwa sifuri mwishoni. Urefu wake umeandikwa mwanzoni. Ipitishe kwanza `text_to_cstring`.

*Niombe kumbukumbu kwa malloc ya C au palloc ya PostgreSQL? (Kariakoo)*

palloc. `ereport(ERROR)`, tangazo la kosa la PostgreSQL, ikitokea katikati, fankisheni yako inarukwa na `free` yako ya kurudisha kumbukumbu haifikiwi. Ya palloc PostgreSQL huifagia yenyewe.

*Nimerekebisha, nimekompaili, nimesakinisha, kosa ni lile lile! (Tegeta)*

Toka psql uingie upya. Faili la .so, yaani C yako iliyokompailiwa, hupakiwa mara moja kwa kila muunganisho, na dirisha lako bado limeshika la jana. Kama umeliorodhesha kwenye `shared_preload_libraries` (mafaili yanayopakiwa seva inapowaka), hapo zima seva na uiwashe tena.